Kisanduku Mahali pa Herufi: Fonti ni Sehemu ya Uhariri wa Tasnifu za Kiswahili

Wapenzi wa Kiswahili tumelumbana kwa miaka mingi kuhusu jina la mashine inayotuandikia kazi zetu. Wapo wanaoshikilia tarakilishi, wapo walioridhika na kompyuta, na hata ngamizi haikukosa watetezi. Mjadala huo una utamu wake, na sidhani kwamba utakoma karibuni. Lakini wakati tukilumbana kuhusu jina la mashine, mashine yenyewe imekuwa ikizimeza herufi zetu, nasi hatusemi kitu. Makala hii inanuia kulizungumzia jambo dogo kwa umbo, zito kwa athari: kupotea kwa herufi pindi mchoro unapotolewa katika programu ya hisabati au ya takwimu na kuhamishiwa katika tasnifu, makala au kitabu. Msimamo wangu ni kwamba fonti ni sehemu ya matini. Anayeipoteza fonti ameipoteza data, na jukumu la kuilinda ni la msomi wa Kiswahili mwenyewe, wala si la fundi au la mwenye duka la kuchapisha.

Huenda msomaji akauliza: mwanafasihi ana shughuli gani na programu za hisabati? Zamani hakuwa nayo. Siku hizi mhakiki wa mtindo anahesabu marudio ya maneno, anapima urefu wa sentensi, analinganisha msamiati wa riwaya moja na mwingine, kisha anayaonyesha matokeo kwa grafu. Wengi wetu tunatumia R, programu ya takwimu isiyolipiwa, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand. Wenzetu wa fonolojia wanatumia Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, kuchora mawimbi ya sauti na ramani za irabu. Jirani zetu wa idara ya hisabati wana Mathematica, iliyotoka mwaka 1988, nao wamekwisha kuionja adha hii. Programu hiyo ina fonti zake maalumu za alama za hisabati, na mchoro uliohifadhiwa bila fonti hizo ukifunguliwa kwenye tarakilishi isiyo nazo, alama za mizizi na mabano hugeuka kuwa herufi zisizo na maana yoyote. Tofauti ni kwamba mwanahisabati akiona hivyo hupiga kelele mara moja, kwa kuwa mlinganyo wake umeharibika machoni pa kila mtu. Sisi hunyamaza.

Ili kulielewa tatizo, yafaa tujue kilichomo ndani ya faili ya mchoro. Tunapoitazama grafu kwenye skrini tunadhani kwamba herufi zimo ndani yake kama wino ulivyomo ndani ya karatasi. Sivyo. Mara nyingi faili hubeba amri tu: andika herufi fulani, mahali fulani, kwa fonti yenye jina fulani. Umbo lenyewe la herufi linakaa katika faili nyingine, yaani faili ya fonti, ambayo imo katika tarakilishi ya mwandishi na huenda isiwemo katika ile ya msomaji. Muundo wa PDF ulipotolewa na Adobe mwaka 1993, ulikubali kwamba fonti kumi na nne za kawaida, zikiwemo jamii za Times, Helvetica na Courier, zisibebwe ndani ya faili, kwa kudhani kwamba kila mashine itakuwa nazo au itakuwa na mfano wake. Dhana hiyo ilipunguza uzito wa faili enzi za disketi. Kwa mwandishi wa lugha ambazo herufi zake zimo katika fonti hizo, haikuwa na madhara makubwa. Kwa mwenye kuandika ŋ, ɗ au ũ, ilikuwa mwanzo wa safari ya mashaka.

Basi herufi hupoteaje? Ni vyema kuzitambua dalili, kwa sababu kila dalili ina chanzo chake na dawa ya mojawapo haitibu nyingine. Maandishi yote ya mchoro yakibadilika sura na kuwa kama yaliyopigwa kwa taipu, yaani Courier, maana yake ni kwamba fonti iliyotajwa haikupatikana, na programu imeweka mbadala. Pakitokea kisanduku kitupu mahali pa herufi moja huku nyingine zikiwa salama, fonti ipo ila haina umbo la herufi hiyo. Watengenezaji wa fonti huviita visanduku hivyo tofu, kwa kuvifananisha na chakula kile cha soya, na jamii ya fonti za Noto kutoka Google imepewa jina hilo kuashiria kwamba tofu haitakiwi. Dalili hizi mbili angalau zinaonekana, na mwandishi makini atazishtukia kabla ya kuwasilisha kazi yake.

Dalili ya tatu ni nukta, na hapa mtumiaji wa R anihurumie niikalie kidogo. Njia ya kawaida ya R ya kuhifadhi grafu kama PDF hutumia jedwali dogo la herufi, lile la lugha za Ulaya Magharibi. Herufi isiyomo katika jedwali hilo, programu kwa miaka mingi imekuwa ikiifuta na kuweka nukta moja kwa kila baiti ya herufi iliyofutwa. Katika usimbaji wa UTF-8, ũ ina baiti mbili na ĩ ina baiti mbili. Chukua riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1980, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shetani Msalabani. Mwanafunzi anayelinganisha urefu wa sentensi katika matini hizo mbili ataandika majina yote mawili chini ya grafu yake. Jina la Kiswahili litatoka salama. Jina la Kigĩkũyũ litatoka likisomeka M..tharaba-in.. na jina la mwandishi litakuwa Ng..g.. Programu hutoa onyo, ni kweli, lakini onyo hilo hutokea katika dirisha jingine, kwa maneno ya kifundi, wakati macho ya mwanafunzi yako kwenye nguzo za grafu.

Asidhani mtu kwamba Kiswahili sanifu kimesalimika. Tuna ritifaa katika ng'ombe, ng'ara na ng'oa. Programu za kuandikia maandishi, kwa hiari yao zenyewe, huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ina baiti tatu. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, programu ya kuhesabu maneno itawaona ng'ombe wawili tofauti, mmoja wa ritifaa iliyonyooka na mwingine wa iliyopinda, na jedwali la marudio litakuwa la uongo. Pili, katika baadhi ya tarakilishi grafu itatoka imeandikwa ng...ombe, kana kwamba mnyama huyo ana kigugumizi. Nimeona grafu ya namna hiyo ikitoka katika printa ya duka moja hapa kwetu Merigi, ambako mwanafunzi mwenzangu alikuwa amekuja kuchapisha sura ya tasnifu yake wakati wa likizo. Mwenye duka, kwa nia njema kabisa, alimshauri azifute nukta kwa kalamu nyeupe. Simlaumu. Anajua majani ya chai yanachumwa vipi na karatasi inatiwa wapi. Hakuna aliyempa kazi ya kujua ritifaa ni nini.

Dalili ya nne ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haionekani. Kabla ya Unicode kuenea, wanaisimu walitumia fonti zilizoficha alama za kifonetiki chini ya herufi za kawaida. Katika fonti za SIL za miaka ya 1990 zilizoitwa IPA93, ukibonyeza N kubwa ulipata ŋ, S kubwa ilikupa ʃ, T kubwa ikawa θ na D kubwa ikawa ð. Mbinu ilikuwa ya werevu kwa wakati wake. Lakini ndani ya faili kilichohifadhiwa ni ile N, S, T au D. Fonti ikikosekana, mchoro hautatoa kisanduku wala nukta: utatoa herufi safi kabisa, ila si ile iliyokusudiwa. Neno thamani katika unukuzi wake wa kifonetiki, θamani, litasomeka Tamani. Msomaji ataona neno halisi la Kiswahili, lenye maana yake, likiwa limejibandika mahali pa neno jingine. Je, mtahini atajuaje? Atadhani kwamba mtafiti alikuwa akieleza jinsi wazungumzaji fulani wanavyolitamka neno thamani, na huenda akajenga hoja juu ya data ambayo haikuwahi kutamkwa na mtu yeyote.

Kwetu sisi tunaotoka katika nchi ya majani ya chai ya Kericho na Bomet, suala hili lina uchungu wake wa pekee. Kipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hutofautisha irabu kwa mkao wa shina la ulimi, mbali na urefu na toni. Tahajia ya kawaida ina herufi tano tu za irabu, hivyo tofauti hizo hazionekani katika maandishi ya kila siku. Msemaji anazijua kwa sikio. Vilevile Kipsigis haitumii ughuna kutofautisha maana katika vipasuo vyake, ndiyo sababu jirani zetu hututania tunapoichapa barua ikawa parua. Mwanafunzi anayetaka kulichunguza jambo hili kisayansi, badala ya kulichekea, atarekodi wazungumzaji, atapima irabu kwa Praat na kuchora ramani inayoonyesha i na ɪ, u na ʊ, kila moja mahali pake. Mwongozo wa Praat kwa miaka mingi uliwaelekeza watumiaji kusakinisha fonti za Charis SIL au Doulos SIL ili alama hizo zionekane. Ramani hiyo ikichapishwa mahali ambapo ɪ imegeuzwa kuwa i, itakuwa inasema kinyume cha tasnifu nzima: kwamba tofauti haipo. Miaka miwili ya kazi, mahojiano katika vijiji vya Sotik na Bomet, yote yamepinduliwa na faili moja iliyosahauliwa.

Katika ushairi hali ni hiyo hiyo. Wazungumzaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa mpumuo, na wahariri waangalifu huitia alama tofauti hiyo. Mhakiki anayechora grafu ya vina vya shairi la Mombasa na kuipoteza alama ya mpumuo atakuwa na nguzo mbili zenye jina moja. Tukirudi nyuma zaidi, kwenye tendi za kale kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, mambo yanazidi. Programu nyingi za kuchora grafu hazijui kuziunganisha herufi za Kiarabu wala kuziandika kutoka kulia, hata fonti inapokuwepo. Neno hutoka limekatika vipande na kupinduliwa. Mu'allim Sheikh Yahya Ali Omar na P.J.L. Frankl walichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya kuziandika kwa ukamilifu sauti za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Ingekuwa fedheha kazi ya uangalifu kiasi hicho itufikie kwenye grafu ikiwa imeandikwa kinyumenyume.

Najua yapo mawazo yanayopinga. Wapo wahadhiri wanaosema kwamba waliosanifisha Kiswahili, tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, walituachia tahajia isiyohitaji kikorombwezo chochote juu ya herufi, na kwamba hiyo ni neema iliyokifanya Kiswahili kipite katika kila taipu na kila simu bila kukwama. Nakubaliana nao. Ni neema kubwa, na jirani zetu wa Kigĩkũyũ na Kĩkamba wanaijua bei ya kuikosa. Lakini neema ya tahajia si neema ya taaluma. Lugha inaweza kuandikwa kwa herufi za kawaida. Uchunguzi wake hauwezi. Wengine husema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Fundi hawezi kugundua kwamba Tamani ilipaswa kuwa θamani. Anayeweza ni mtu wa Kiswahili, na asipoangalia yeye hakuna mwingine atakayeangalia. Hatumwachii mwenye printa kazi ya kusahihisha vina vya shairi.

Dawa zipo, nazo si ngumu. Katika R, badala ya kuhifadhi kwa pdf, tumia cairo_pdf na utaje fonti yenye alama unazozihitaji. Njia hiyo husoma Unicode na hupachika fonti ndani ya faili. Ipo pia amri ya embedFonts, inayoitumia programu ya Ghostscript kupachika fonti baadaye, lakini isitarajiwe kufufua herufi ambazo tayari zimegeuzwa nukta: nukta hizo ndizo zilizomo ndani ya faili, na fonti bora kuliko zote itaziandika kama nukta nzuri zaidi. Ndiyo maana nimesisitiza kuitambua dalili kwanza. Nimewaona watu wakisakinisha fonti kumi kutibu ugonjwa usiokuwa wa fonti. Kwa upande wa fonti zenyewe, Charis, Doulos na Gentium za SIL, pamoja na Noto, zinatolewa bila malipo kwa leseni huria inayoruhusu kupachikwa, hivyo hakuna haja ya kunakili fonti za wizi. Microsoft Word nayo ina chaguo la kupachika fonti ndani ya hati, ila mara nyingi limezimwa mpaka mwandishi aliwashe. Kabla ya kutia faili kwenye kidude cha kuhifadhia na kukipeleka dukani, ifungue PDF yako, nenda kwenye sifa za hati, sehemu ya fonti, na usome orodha: kila jina liwe na maelezo kwamba fonti imepachikwa. Wenye kutumia Linux wana amri ya pdffonts inayofanya kazi hiyo kwa mstari mmoja. Kisha, na hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko mengine, fungua faili hiyo kwenye tarakilishi ya mtu mwingine.

Ipo njia ya mkato inayopendwa sana, nayo ni kuipiga picha skrini na kuibandika picha hiyo katika tasnifu, au kuzigeuza herufi zote kuwa mistari ya mchoro. Herufi hazitapotea tena, hilo ni kweli. Lakini hazitakuwa herufi tena. Msomaji akitafuta neno ng'ombe katika tasnifu hiyo hatalipata ndani ya grafu. Akitaka kulinakili hataweza. Na mwenye ulemavu wa macho anayesomewa na tarakilishi atakuta ukimya. Kwa taaluma inayoishi kwa maneno, kuyageuza maneno kuwa picha ni kuyazika yakiwa hai. Njia hiyo naikubali kwa dharura ya saa moja kabla ya kuwasilisha, si zaidi.

Ninazipendekezea idara za Kiswahili za vyuo vyetu jambo moja mahususi. Upo muundo wa kuhifadhia kumbukumbu unaoitwa PDF/A, uliokubaliwa kimataifa kama kiwango cha ISO mwaka 2005, na sharti lake mojawapo ni kwamba fonti zote zipachikwe ndani ya faili. Mwongozo wa kuandika tasnifu hutuambia upana wa pambizo na nafasi baina ya mistari. Uongezwe mstari mmoja unaodai muundo huo. Msimamizi anayerudisha sura kwa sababu ya koma anaweza kuirudisha kwa sababu ya kisanduku. Nao wahariri wa majarida ya vyama vyetu vya wanafunzi wadai grafu zenye fonti zake, badala ya kupokea chochote kinachoonekana vizuri kwenye skrini ya aliyekituma.

Hapo bado hatujazigusa tasnifu za miaka ya 1990 na ya mwanzo wa 2000, zilizoandikwa kwa fonti zile zilizozificha alama chini ya N na T. Baadhi yake ziko katika disketi na sidii, kwa umbo la faili zisizobeba fonti. Adobe iliacha kuziunga mkono fonti za Type 1 katika programu zake za kutungia kazi mnamo Januari 2023, na kila mwaka zinapungua mashine zinazoweza kuzisoma faili hizo kama zilivyokusudiwa. Kuzigeuza kuwa Unicode kunahitaji mtu anayejua ni fonti gani hasa iliyotumika, kwa kuwa kila fonti ilikuwa na mpangilio wake. Wengi wa waandishi hao ni wahadhiri wetu leo, na ofisi zao ziko ghorofa moja nasi. Waulizwe sasa.